Mieleka ya kina dada wa Japani, tope la Mukono na mchanga wa Ushongo

Leo naweka pembeni habari za nazi, mkonge na bei ya samaki, maana nina neno juu ya mieleka. Ndiyo, mieleka, ile ya kamba na mikanda inayong'aa, ambayo wazee wanaiita ya uongo halafu wakikaa kwenye kibanda umiza hawanyanyuki mpaka umeme ukatike. Na siwazungumzii Wamarekani. Undertaker na John Cena tumewaona tangu enzi za kanda za VHS. Nawazungumzia kina dada wa Japani, na vile vikundi vidogo vya huko ambavyo havina televisheni kubwa nyuma yao.

Msimamo wangu nauweka mapema, asiye na muda aondoke nao: hakuna mahali duniani wanawake wanacheza mieleka vizuri kuliko Japani, na sababu si miili wala mavazi. Sababu ni jinsi kazi yao ilivyojengwa. Jambo hilo linatuhusu sisi wa mwambao kuliko mnavyodhani, na nitalifikia.

Kwanza tumalizane na hoja ya "maigizo". Kila nikitaja mieleka kijiweni lazima mtu aseme, "Aah, wale si wanapanga?" Ndiyo, mshindi anapangwa. Kwani nani hajui? Lakini jamani, sisi watu wa Tanga ndio wa kushangaa upinzani wa kupangwa? Bibi na babu zetu walicheza beni, Marini upande huu na Arinoti upande ule, watu wakauza mpaka mali ili kundi lao lionekane limevaa vizuri kuliko la pili. Baadaye mji huo huo ukagawanyika kwa Black Star na Lucky Star. Na miaka ya 1990, Khadija Kopa akiwa TOT na Nasma Hamisi akiwa Muungano, nani aliuliza kama vile vijembe ni vya kweli? Watu walijaa ukumbini, wakatunza, wakarudi nyumbani wamegawanyika kambi mbili. Mipasho ni ugomvi uliopewa mpangilio, na hisia zinazotoka ni za kweli. Mieleka ni hivyo hivyo, ila hapa anayepashwa anabwagwa na mgongo wake.

Mgongo wenyewe haupangwi. Agosti 1997 mwanamieleka Plum Mariko alipoteza fahamu baada ya pambano huko Hiroshima, na hakuamka tena. Kwa hiyo anayesema "uongo" aseme kwa sauti ya chini.

Sasa niwape mapambano manne, yapo ya karibuni na yapo ya miaka michache iliyopita. Kwa kuwa hapa ni Pangani, alama natoa kwa nazi, tano ndiyo mwisho.

La kwanza: Giulia na Tam Nakano, Nippon Budokan, Tokyo, tarehe 3 Machi 2021. Kampuni ni Stardom, iliyoanzishwa mwaka 2010, na siku ile walikuwa wanasherehekea miaka kumi. Kilichowekwa mezani ni mkanda mweupe wa Giulia, na nywele. Atakayeshindwa ananyolewa pale pale ulingoni mbele ya watu. Kunyoana ni dau la zamani kwenye mieleka ya Japani. Agosti 1985 mjini Osaka, Chigusa Nagayo, kipenzi cha wasichana wa shule nchi nzima, alishindwa na Dump Matsumoto, mama mmoja wa kutisha kwelikweli, akanyolewa huku wasichana wakilia ukumbini kama wamefiwa. Giulia na Nakano walijua wanabeba kumbukumbu hiyo. Wanapigana kama watu wawili waliochukiana mpaka wamebaki kuheshimiana. Nakano anashinda mkanda, Giulia anakaa kwenye kiti na kunyolewa. Halii kwa kujionyesha, hakimbii, anakaa. Wanawake wanaosoma hapa wanajua nywele ni nini. Nazi nne na nusu.

La pili: Saya Kamitani na Tam Nakano, Yokohama Arena, tarehe 27 Aprili 2025. Kamitani zamani alikuwa mtoto mwema, akageuka mwaka 2024 akajiunga na kundi la wabaya. Mwisho wa mwaka huo akamnyang'anya Nakano mkanda mwekundu, ule mkubwa wa Stardom. Ugomvi ukapanda ngazi moja moja mpaka kufika hapa: atakayeshindwa anaacha mieleka moja kwa moja. Kamitani alishinda, na Nakano alistaafu. Hakukuwa na pambano la kuaga wala ziara ya kuzunguka mikoani. Mtu aliyekuwa nguzo ya kampuni aliondoka kwa kushindwa, mabega chini, mwamuzi akahesabu mpaka tatu. Nilichokipenda ni kwamba pambano lenyewe halina haraka. Kila Nakano akinyanyuka unaona anahesabu mara ngapi zimebaki za kunyanyuka. Nazi tano, na maji yake.

La tatu: kuaga kwa Meiko Satomura, ukumbi wa Korakuen, tarehe 29 Aprili 2025, siku mbili tu baadaye. Huyu alianza Aprili 1995 akiwa na miaka 15, akacheza miaka 30. Siku ya mwisho alisimama na binti Manami, upande wa pili wakiwa Aja Kong na Chihiro Hashimoto. Angalieni huo mpangilio: Manami na Hashimoto wote ni watoto wa kikundi chake cha Sendai Girls, na Aja Kong ni dada mkubwa aliyempiga tangu akiwa mdogo. Yaani aliaga kwa kugusana mabega na waliomtangulia na wanaobaki. Teke la Satomura halina mapambo. Unalisikia kwenye simu hata ukiwa umepunguza sauti. Nazi nne.

Hapa nisimame kidogo kwa Aja Kong. Baba yake alikuwa mwanajeshi mweusi wa Marekani, mama yake Mjapani. Alikua kwenye nchi ambayo mtoto wa rangi yake alisimangwa shuleni na mtaani. Akaingia ulingoni, akachora uso, akapewa kazi ya kuwa mtu mbaya, akabeba kopo la chuma la kupigia wenzake. Mwaka 1992 akamshinda Bull Nakano na kuwa bingwa mkubwa wa kampuni kongwe ya wanawake. Watu walewale waliomcheka wakaanza kulipa kiingilio kumwona. Sisemi kwamba mieleka inamaliza ubaguzi. Nasema ilimpa sehemu ya kusimama ambapo ukubwa wake na rangi yake havikuwa aibu.

La nne si pambano moja bali sehemu: chumba cha Ichigaya, Tokyo. Bibie Emi Sakura, mwanamieleka na mwalimu, mwaka 2020 wakati wa korona alianzisha ChocoPro. Hakuna ulingo. Hakuna kamba. Ni godoro jembamba sakafuni, kuta na madirisha, na walianza kwa kucheza bila watazamaji, pambano likirushwa bure YouTube. Wanaruka kutoka kwenye dirisha badala ya kona ya ulingo. Mwanzo nilicheka. Baada ya dakika kumi nilisahau kwamba ulingo haupo. Binti akipiga ngwala mwenzake akamkaba roba ukutani, chumba kidogo kile kinakufanya uhisi uko nao mle ndani, na ukitaka kusogea pembeni huna pa kusogea. Nazi nne na nusu, na nusu iliyobaki nampa Sakura kwa ualimu. Huyu ndiye aliyemfundisha Riho, aliyeanza akiwa mtoto wa miaka tisa na mwaka 2019 akawa bingwa wa kwanza wa wanawake wa AEW kule Marekani.

Haya, nimewaambia wazuri. Sasa kwa nini wazuri?

Jibu la haraka ni nidhamu, lakini neno hilo limechoka. Nendeni kwenye historia. Kampuni kongwe, All Japan Women, iliendeshwa na wanaume kuanzia 1968 mpaka ilipofungwa 2005. Sheria zake zilikuwa maarufu: pombe marufuku, sigara marufuku, wanaume marufuku. Ukifika miaka 25 unatarajiwa kustaafu. Wasichana wakaleta pesa nyingi, wakajaza kumbi, na mwaka 1997 kampuni ikashindwa kulipa mishahara, wengi wakaondoka. Huo ndio upande ambao mashabiki wanaotazama video fupi hawauoni. Uzuri wa ulingoni ulijengwa juu ya migongo ya wasichana ambao kampuni haikuwa yao.

Kilichobadilisha mambo, kwa maoni yangu, ni wanamieleka wenyewe kuamua kumiliki. Chigusa Nagayo, yule aliyenyolewa Osaka, alianzisha kampuni yake, GAEA Japan, na onyesho la kwanza likafanyika Aprili 1995. Satomura ni matunda ya siku hiyo hiyo. Satomura naye akaenda kaskazini akashiriki kuanzisha Sendai Girls. Machi 2011 tetemeko na tsunami vikaipiga Sendai, na mwaka huo huo akachukua uongozi wa kampuni mikononi mwake. Sakura alianzisha Ice Ribbon, kisha Gatoh Move, kisha ChocoPro. Mwanamke aliyebwagwa mara elfu ndiye anayeamua binti wa leo abwagwe vipi, na aanze kubwagwa lini. Kabla hujarushwa mbele ya watu unafundishwa kuanguka, kuanguka tu, mpaka mgongo na shingo vijue vyenyewe la kufanya. Hiyo ndiyo siri, kama ni siri.

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki. Wengi wenu mmeziona video za Mukono, mashariki mwa Kampala. Daniel Bumba, maarufu Bumbash, zamani alikuwa akitafsiri mieleka ya Wamarekani kwa Kiganda, kazi ambayo sisi tunaikumbuka kwa Lufufu kwenye filamu. Mwaka 2023 kikundi chake, Soft Ground Wrestling, kikalipuka mitandaoni. Ulingo wao ni nguzo za miti na kamba, chini tope. Ulingo wa kweli ni ghali, na tope linapokea mwili ukianguka. Vijana wanaruka, wanazungumza kwa mbwembwe, wana mikanda yao, na wasichana wamo. Mimi nilipoona nilisema hawa ni ndugu wa Ichigaya. Wamekosa kitu kikubwa, na kule kukosa kumewapa sura yao wenyewe. Wacongo nao mieleka yao ya Kinshasa, wanayoiita kechi, ina miongo mingi, ina wanawake, na ina mambo ya uganga ulingoni ambayo Edingwe aliyafanya yajulikane mpaka ng'ambo. Kwa hiyo asije mtu akatuambia mchezo huu si wa Waafrika.

Na Bongo? Sisi tuna Karim Mandonga. Mtasema yule ni bondia. Sawa, ni bondia, lakini kilichojaza watu ni ulimi. Januari 2023 alikwenda Nairobi na ngumi aliyoipa jina la "sugunyo", akamshinda Daniel Wanyonyi, na Wakenya waliomzomea wakaondoka wakilitamka jina la ngumi yake. Huo ni ufundi wa mieleka mtupu. Kipaji cha kujinadi tunacho cha kuuza nje.

Tunachokosa nitakisema kwa mfano wa hapa hapa. Ushongo maji yakipwa, mchanga unabaki mgumu na mpana, Kisiwa cha Maziwe kinaonekana kwa mbali, na vijana jioni wanabwagana. Mchezo huo wa mtama na ngwala ni wa siku zote. Siku hizi na wasichana wamo, suruali ndani, mtandio umefungwa vizuri, na niwaambie ukweli, wapo wawili watatu wanaojua. Mwaka jana akaja jamaa mmoja na kamera. Akawaomba mabinti wanne wabwagane, "kama wale wa Uganda". Elfu kumi kila mmoja. Walishangilia. Mmoja akaangukia bega, bega likateguka. Jamaa alikuwa ameshapata video yake. Nauli ya kwenda Pangani kutibiwa, na wiki alizokaa bila kufanya kazi, vilibebwa na mama yake anayekaanga samaki. Video ipo mpaka leo, inatazamwa, inalipa, na binti haipati hata shilingi. Hakuna karatasi aliyosaini. Hakuna hata mtu aliyemwonyesha jinsi ya kuanguka.

Halafu mkasome yaliyoandikwa chini ya video hiyo. Wapo waliomuuliza wazazi wake wako wapi. Wapo waliomtukana umbo. Wapo waliomtabiria hatapata mume. Watu hawa hawamjui, na wengine wanatumia jina la bandia. Kila nikisoma maneno ya namna hiyo namkumbuka Hana Kimura. Alikuwa mwanamieleka wa Stardom, mtoto wa Kyoko Kimura ambaye naye alikuwa mwanamieleka. Baada ya tukio moja kwenye kipindi cha televisheni, watu wa mitandaoni walimwandama kwa matusi siku baada ya siku. Tarehe 23 Mei 2020 alijiua, akiwa na miaka 22. Mama yake alipigania jambo hilo mpaka mwaka 2022 Japani ikaongeza adhabu ya kosa la kumtukana mtu, na sasa mtu anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Ulingoni Hana alijua kupokea kipigo, alifundishwa. Kipigo cha maneno ya usiku, ukiwa peke yako na simu, hakuna aliyemfundisha kukipokea.

Msinielewe vibaya. Sitaki mieleka ya wasichana ipigwe marufuku Ushongo wala Mukono. Kupiga marufuku ndiyo njia yetu rahisi, tunaipenda sana, na haimlindi mtu. Mchezo utahamia nyuma ya minazi, kamera itaufuata huko huko, na bega likiteguka binti ataogopa hata kusema. Tena kuna wazee wenye busara hapa kijijini ambao hoja yao si mavazi wala wanaume kutazama. Waliniuliza kitu kimoja tu: "Akivunjika, nani?" Ni swali zuri kuliko yote niliyosikia juu ya mieleka.

Jibu langu kwa wazee ni hili. Mwenye kutaka kurekodi mabinti, kwanza alete mwalimu wa kuanguka. Hatuna haja ya kumtafuta mbali. Zanzibar kuna judo miaka mingi, kwa kazi ya Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, na somo la kwanza la judo ni kuanguka bila kuumia. Ni safari ya boti tu kutoka kwetu. Pili, makubaliano yaandikwe, kwa Kiswahili, mzazi na binti wakiyaelewa: video ni ya nani, ikilipa mgao ukoje, akiumia nani analipa hospitali. Tatu, kikundi kisajiliwe Baraza la Michezo la Taifa kama vikundi vingine vya michezo, badala ya kuwa mali ya mtu mwenye kamera. Ngumi za kulipwa zina kamisheni na bondia anapimwa kabla ya kupanda ulingoni. Anayebwagwa mchangani naye ana shingo moja tu. Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, mabinti wenyewe wawe viongozi wa kikundi tangu siku ya kwanza, wasisubiri wazeeke ndipo wamiliki.

Mtu atasema hayo ni mambo makubwa kwa kijiji kidogo cha wavuvi. Chumba cha Ichigaya ni kidogo kuliko banda la kuhifadhia nyavu. Kilichowafikisha mbali si ukumbi. Na anayedhani umaarufu peke yake unatosha amtazame Conjestina Achieng wa Kenya, dada aliyetwaa mkanda wa ngumi mwaka 2004, Afrika nzima ikampigia makofi. Alipougua baadaye, ikabidi watu waitwe kumchangia matibabu. Makofi hayalipi hospitali.

Wale mabinti wa mchangani wana kipaji. Mmoja wao ana namna ya kumzungusha mwenzake kwa kiuno ambayo hata Hashimoto angesimama kuitazama. Ningependa kumwona akiwa na miaka 40, mwalimu, mwenye kikundi, mwenye bega zima. Nimempigia nazi tatu kwa sasa, maana bado hajui kuanguka.

Nawasilisha. Wenye kujua mwalimu wa judo anayeweza kuvuka kuja Tanga niandikieni. Wenye matusi kwa mabinti, hapa kwangu hayapiti.